Mahali pa Oili: Uchambuzi wa Injini za Pikipiki za Sarakasi, Nakaloke

Katika Nakaloke, mji mdogo ulioko kilomita chache kaskazini ya Mbale kwenye barabara iendayo Kumi na Soroti, ambapo adhana ya msikiti mmoja aghalabu hudakwa na adhana ya msikiti mwingine kabla ule wa kwanza haujamaliza, na ambapo majabali ya Wanale huonekana kwa mbali yakifunga upeo wa macho, pikipiki ni chombo cha riziki kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Hubeba ndizi, magunia ya mahindi, wanafunzi, wagonjwa, na pengine maiti. Illa kuna siku ambazo chombo hicho hicho hutolewa katika kazi na kutiwa katika sarakasi: siku za Idi, siku za harusi, siku za misafara ya wagombea ambapo petroli hugawiwa bila ya kuulizwa bei, siku za imbalu, yaani sherehe za tohara, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na siku ambazo waendeshaji humzika mwenzao. Hapo kijana hujivuta nyuma juu ya kiti, huachia klachi kwa mkupuo, na gurudumu la mbele huinuka likabaki hewani huku umati ukipiga vigelegele. Macho ya watu hufuata gurudumu. Uchambuzi huu unafuata oili.

Si ajabu kwamba watu wa upande huu wa Uganda hukitaka chombo kifanye lile ambalo muundaji wake hakulikusudia, kwa maana bodaboda yenyewe ilizaliwa hivyo. Ilikuwa ni baiskeli ya kawaida iliyotiwa mto nyuma, katika miaka ya 1960, ili ivushe watu na mizigo baina ya vituo viwili vya mpaka wa Busia, na jina lake, kama ijulikanavyo, limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Aliyeunda ile baiskeli hakuwaza abiria. Na waliounda pikipiki zilizorithi kazi yake hawakuwaza kwamba zitatembea mita mia kwa gurudumu moja. Tofauti ni kwamba baiskeli haina oili ya kumwagika kutoka mahali pake, ilhali pikipiki inayo, na hapo ndipo penye fumbo lote.

Pikipiki inayotawala steji za Mbale na vitongoji vyake ni Bajaj Boxer, itokayo India. Ile ya BM 150 ina injini ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 144.8, inayopozwa kwa upepo, na hufikia ukomo wa nguvu zake krenki inapozunguka mara 7,500 kwa dakika. Oili yake, ambayo ni kadiri ya lita moja na kitu, imelala chini katika tumbo la injini. Haina tangi lake mbali wala chumba chake cha faragha, bali inakaa humo humo pamoja na krenki, gia na klachi. Pampu ndogo huinyonya kupitia wavu ulioko chini, sehemu yake huisukuma hadi kwenye krenki, na sehemu nyingine huipandisha mpaka kichwani, yaani kwenye kamshafti na mikono inayofungua valvu, kisha inateremka yenyewe kwa uzito wake na kurudi tumboni. Mpango huu ni mwepesi, rakhisi, na wa kutegemewa, maadamu sharti moja halivunjwi: wavu uwe umezama.

Gurudumu la mbele likiinuka, tumbo la injini huinuka pia upande wa mbele, na oili, ambayo haina hiari ya kubaki ilipo, hukimbilia nyuma. Wavu ukibaki mtupu, pampu hunyonya hewa, na hewa hailainishi kitu. Yafaa mtu apime maana ya jambo hili kwa hesabu: injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huzunguka mara 100 kwa sekunde moja, kwa hiyo mchezo wa sekunde 8, ambao kwa mtazamaji ni kitambo cha kupiga kelele na kuvuta pumzi, kwa krenki ni mizunguko 800. Si yote itakayokuwa mikavu, kwani oili iliyokuwa imekwisha kufika hubaki ikishikilia chuma kwa muda. Lakini deni limeanza kuandikwa.

Je, mbona basi Boxer nyingi zinazochezewa hivi hazifi siku ile ile? Swali hili linastahili kukaliwa, kwa sababu jibu lake ndilo linalotenga pikipiki ya Nakaloke na zile za wachezaji mashuhuri wa Marekani na Ulaya, na ndilo linaloonyesha kwa nini tadbiri za wale hazifai kuigwa hapa bila ya kuzipima. Wachezaji wa huko wamependa sana mashine za silinda nne, kama Kawasaki ZX-6R yenye injini ya sentimita za ujazo 636 ya mwaka 2003 na 2004, au Honda CBR600F4i. Katika mashine hizo konrodi haizunguki juu ya roli za chuma. Imekumbatia vibati viwili laini vilivyopindwa nusu duara, na kinachozuia chuma kisiguse chuma ni utando wa oili uliobanwa kwa nguvu za pampu, mwembamba kuliko unywele wa binadamu mara nyingi. Utando huo ukikosekana kwa sekunde chache tu, katika mzunguko mkali, vibati hushikana na krenki, hujizungusha katika makao yao, na injini imenoki. Yaliyobaki ni kuishusha na kuhesabu hasara. Krenki ya Boxer ni ya namna nyingine. Imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja, na konrodi yake huzunguka juu ya roli nyembamba za chuma ambazo hazidai oili yenye msukumo mkubwa. Hutosheka na matone na ukungu unaorushwa humo ndani na gia na magurudumu ya krenki. Roli husamehe. Hazisamehi daima, na siku ya kuacha kusamehe huanza kugonga kwa sauti nzito ambayo fundi huitambua pikipiki ingali barabarani, lakini baina ya kosa na adhabu wanaacha muda mrefu.

Udhaifu wa Boxer, kwa hiyo, uko juu. Kichwa ni mahali pa mwisho oili inapofika na pa kwanza inapokosekana, na uso wa kamshafti pale unaposugua mkono wa valvu hubeba mzigo mkubwa juu ya mstari mwembamba kama wa kalamu, bila ya roli za kuuokoa, isipokuwa katika injini zilizoundwa nazo. Baadhi ya vichwa vina vishimo vidogo vinavyohifadhi oili chini ya kamshafti, na hivyo ni rehema kubwa, ijapokuwa pikipiki ikisimama sana kwa gurudumu la nyuma hata vishimo navyo humwagika. Mtu atakaye kujua kama pikipiki aliyouziwa ilikuwa ya harusi na misafara asitazame tu mikwaruzo ya taa ya nyuma, ambayo hubadilishwa kwa urahisi. Afungue kifuniko cha kichwa, azungushe krenki taratibu, na autazame uso wa kamshafti. Uliochakaa hung'aa vibaya, kisha huparuka, kisha hubabuka vijishimo. Hii ndiyo shahada isiyoweza kununuliwa.

Dawa ya kwanza ambayo kila mwendeshaji huifikia kwa akili yake mwenyewe ni kuongeza oili. Ikiwa oili imekimbia, basi na iwe nyingi hata ikikimbia ibaki. Hoja hii ina sura ya haki, na wachezaji wa mashine kubwa nao huitumia. Walakini tukiipima kwa mizani ya hesabu tutaona kwamba faida yake ni ndogo kuliko sifa zake. Tuchukue sanduku la bati lenye urefu wa sentimita 20 kutoka mbele hadi nyuma, na ndani yake oili yenye kina cha sentimita 4. Tukiliinua upande wa mbele kwa nyuzi 30, oili itajikusanya nyuma na kuacha sentimita tatu na theluthi hivi za mbele zikiwa kavu. Kwa nyuzi 45, zilizolowa zitakuwa sentimita 12 na nusu tu. Kwa nyuzi 60, kasoro ya nusu ya sanduku. Sasa tuongeze oili kwa robo nzima, kina kiwe sentimita 5, na tulirudishe kwenye nyuzi 60: ukingo wa oili umesogea mbele kwa kadiri ya sentimita moja. Sentimita moja, kwa robo ya oili! Tumbo la injini si sanduku, lina mabonde na vichuguu, lakini kanuni ni ile ile: kitu kinachoinama sana hakijali sana wingi.

Fauka ya hayo, oili iliyozidi ina kisasi chake. Gurudumu la krenki, ambalo kwa kawaida hupita juu ya oili au huigusa kidogo, sasa hutumbukia ndani yake na kuipiga kama mtu apigaye mayai, mpaka ikafanya povu. Na povu ni nini ila hewa iliyovaa nguo ya oili? Pampu huinyonya kwa furaha na kuipeleka kichwani, na kamshafti hupokea ile ile hewa ambayo mwenyewe alitumia fedha kuikimbia. Injini pia huwa nzito, hupata moto zaidi, na msukumo wa ndani hutafuta pa kutokea, mara kwa kupenya sili, mara kwa njia nyingine nitakayoitaja. Sisemi kwamba tone lisiongezwe: kuifikisha oili kwenye alama ya juu ya kijiti cha kupimia, na pengine kuipita kidogo siku ya mchezo, ni jambo la busara, hasa kwa kuwa wengi huanza mchezo ikiwa chini ya alama bila ya kujua. Lakini anayemimina nusu lita juu ya lita moja anajidanganya, na bei ya oili ilivyo, anajidanganya kwa gharama.

Ikiwa wingi si dawa, basi dawa ni mahali. Kuna njia mbili za kuufanya wavu uzame: kuupeleka oili inakokwenda, au kuizuia oili isiende. Njia ya kwanza ndiyo nzuri kwa mashine kubwa, ambazo chini yake pana bakuli linalofunguliwa kwa skrubu, kwa hiyo fundi huweza kulishusha, kurefusha bomba la kunyonyea kuelekea nyuma, na kulirudisha katika alasiri moja. Boxer haina bakuli. Tumbo lake ni vipande viwili vya alumini vilivyopasuliwa kwa wima na kukutanishwa katikati, na katika injini nyingi za jamii hii wavu hufikiwa kwa kufungua kifuniko cha upande wa klachi, mahali palipobana ambapo bomba la kuongeza hupata taabu ya kupita. Halafu kuna siku ya kazi. Pikipiki iliyochezewa Idi itashuka kesho yake kutoka Kapchorwa na mzigo, ikikanyagwa breki kila kona, na oili sasa itakimbilia mbele. Breki ya nguvu ya nusu ya uzito huilaza oili kwa nyuzi 27 hivi. Katika lile sanduku letu, hiyo huacha sentimita mbili na kitu za nyuma zikiwa kavu. Kwa hiyo wavu uliosukumwa hadi ukutani kabisa umehamisha maradhi tu, kutoka kwenye sherehe kwenda kwenye kazi. Sanduku letu lingetaka wavu uwe baina ya sentimita 3 na 9 kutoka nyuma, na ufundi wote umo katika kulijua sanduku la kweli. Fundi mwenye kipande cha tumbo la injini kuukuu, ambacho hakikosekani katika gereji yoyote, anaweza kukitia oili iliyopimwa, kukiinamisha juu ya ubao, na kutazama kwa macho yake ni pembe ipi inayouvua wavu. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na hupaswa kutangulia msumeno.

Njia ya pili, ya kuizuia oili, ndiyo ninayoipendelea kwa pikipiki ya riziki. Ni kibati cha alumini, cha milimita 2 hivi, kinachosimamishwa karibu na wavu kama kizingiti, kikiwa na matundu chini ili oili iingie kwa starehe na isitoke kwa haraka. Haikusudiwi kuifungia oili milele. Inakusudiwa kuichelewesha kwa sekunde chache, na sekunde hizo ndizo umri wa mchezo wenyewe. Wenye ustadi zaidi hutia kilango cha mpira usiogopa oili, kinachofunguka upande mmoja tu. Sharti lake ni kwamba kibati kishikwe kwa skrubu iliyofungwa isilegee, wala kisichomelewe ovyo, kwa sababu alumini ya kuyeyushwa ikipata moto mkali hupinda, na uso unaokutana na gasketi ukipinda, oili itavuja maisha yake yote. Wala fundi asijaze gundi ya gasketi kama anayepaka samli mkate: vipande vinavyobanduka ndani huenda moja kwa moja kwenye wavu na kuuziba, na pampu isiyopata kunyonya kwa sababu ya gundi haina tofauti na ile isiyopata kwa sababu ya pembe.

Nimesema msukumo wa ndani hutafuta njia nyingine. Njia hiyo ni bomba la kupumulia, mpira mdogo unaotoka juu ya injini na kuingia katika boksi la hewa, na katika maswala yote ya sarakasi ndilo linalosahauliwa kuliko yote na kuua kuliko yote. Pistoni ikishuka husukuma hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo hutoka kwa mpira huo. Pikipiki ikisimama, oili iliyokimbilia nyuma inaweza kulifikia tundu la mpira huo, na kila pigo la pistoni huirusha nje. Huingia katika boksi la hewa, hulowanisha chujio, hupita kwenye kabureta na kuungua. Ule moshi wa buluu ambao umati huushangilia ukidhani ni sehemu ya tamasha ni oili ya injini ikiondoka kwa njia isiyo yake. Mwendeshaji huja gereji akilia kwamba ringi zimekwisha, fundi asiye na insafu hukubali naye na kufungua silinda, na ringi zilikuwa salama. Kila mchezo huondoa kidogo, kijiti hakitazamwi, na siku ya nne injini inacheza na robo tatu ya oili yake. Hapo hakuna kibati kitakachoiauni.

Tiba yake haifikii bei ya kuku. Mpira hukatwa katika boksi la hewa, huelekezwa juu hadi chini ya kiti au penye tangi, upate mwinuko, kisha huingizwa katika chupa ndogo ngumu iliyofungwa kwa waya, yenye tundu la kutolea hewa na kitambaa cha kuzuia vumbi. Na tundu lililoachwa katika boksi la hewa lizibwe, kwa maana vumbi la barabara ya Kumi likiingia humo litazimaliza ringi kwa kweli safari hii. Chupa hupokea kinachotapikwa, nayo huwa pia kipimo, kama nitakavyoeleza.

Kuna masuluhisho makubwa zaidi, na nayataja kwa ufupi kwa kuwa si ya hapa. Pikipiki nyingi za Waingereza wa zamani, BSA na Triumph miongoni mwao, ziliweka oili katika tangi mbali na injini, na pampu moja ikaileta na nyingine ikairudisha. Yamaha XT500, iliyoshinda mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar mwaka 1979 ikiendeshwa na Cyril Neveu, iliiweka ndani ya fremu. Tangi jembamba na refu halijali sana kuinama, kwani oili haina uwanja wa kukimbilia. Kuibadili Boxer iwe hivyo, hata hivyo, ni kununua Boxer ya pili kwa vipande. Kadhalika wazee wa upande huu wanakumbuka Yamaha AG100 za mabwana shamba, zenye injini ya mipigo miwili, ambazo krenki yake hulainishwa kwa oili inayoingia pamoja na petroli, kwa hiyo ungeweza kuisimamisha mpaka kiti kiguse lami na krenki isijue. Zilitoa moshi mwingi na kunywa petroli kwa pupa, na biashara ya boda imezipa kisogo.

Jambo moja bado lahusu oili yenyewe, wala si mahali pake. Mchezo huu huanza kwa klachi, na klachi ya Boxer imezama katika oili ile ile inayokwenda kichwani. Kila mkupuo husaga sahani zake, na unga wake huelea katika oili na kwenda kukaa penye wavu. Harufu ya kuungua inayosikika baada ya msafara ni hiyo. Injini nayo, ikitembea polepole katika gia ya kwanza kwa mzunguko mkali, haipati upepo wa kuipoza, na oili ya 20W50 iliyochemka huwa nyepesi kama maji ya chai. Kwa hiyo oili ya siku ya mchezo imwagwe kesho yake na wavu uoshwe, hata kama ilitiwa juzi. Na iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA katika kopo lake, kwani oili nyingi za magari zimetiwa dawa za kupunguza msuguano, ambazo ni neema kwa gari na balaa kwa klachi iliyozama: huteleza, mwendeshaji huongeza gesi, na joto hupanda tena.

Sheria ya usalama barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 haina huruma na uendeshaji wa hatari, na mwenye kuuliza kama sarakasi hizi zifanywe barabarani penye watoto hahitaji jibu langu. Wala sitajifanya sijui kwamba pikipiki nyingi hizi bado ni za mkopo, na kwamba anayeisimamisha siku ya Ijumaa mara nyingi hana haki kamili ya hata tairi lake. Lakini mchezo upo, na uwanja wa kufanyiwa, uliozungushwa kamba na wenye kuingia kwa tikiti, ungegharimu wilaya kidogo kuliko vitanda vya hospitali.

Turudi kwenye chupa. Fundi akiichora mstari kwa msumari kila sentimita moja, na mwendeshaji akaitazama baada ya kila msafara, atapata hesabu ambayo kijiti cha kupimia hakimpi: ni kiasi gani kilichotapikwa leo kuliko juzi. Ikiwa chupa imelowa tu, kibati kinafanya kazi yake. Ikiwa imejaa nusu baada ya mchezo mmoja, ama oili ilizidi alama, ama mpira haukuinuliwa vya kutosha, ama ringi kweli zimeanza kupitisha moshi chini, na jaribio la kwanza la kuyatenga hayo matatu ni kuirudisha oili kwenye alama na kucheza tena kwa kiasi kile kile. Na ikiwa ni kavu kabisa, kavu ya vumbi, baada ya mchezo wa jioni nzima, fundi auvue mpira na kupuliza kwa mdomo, kwa sababu huenda umeziba, na msukumo umekwisha kupata sili ya krenki.